Ubao wa Futi Mbili kwa Mbili

Binti alisubiri wenzake watoke ndipo akanisogelea. Tulikuwa Tanga, kwenye kikao kidogo cha vijana wanaojifunza kuandika hadithi, na saa ya chakula ilishapita. "Shikamoo mwalimu," akasema, kisha akanyamaza mpaka nikadhani amesahau alichojia. Nikamwitikia marahaba, nikamvutia kiti. Ndipo akaniambia kwamba anapenda sana kuandika ila hana cha kuandika. Hajasafiri popote. Chuo hakufika. Tangu akiwa darasa la tatu anaamka saa kumi usiku kumsaidia mama yake kupika vitumbua vya kuuza stendi, na maisha yenyewe ndiyo hayo.

Manung'uniko ya namna hii nayasikia kwa sura nyingi. Mpiga picha anasubiri kamera kubwa. Mwenye sauti anasubiri studio. Mchoraji anasubiri rangi zinazotoka ng'ambo. Na sisi wakubwa tuna jibu moja tunalolitoa kwenye kila semina: anza na ulichonacho. Jibu lenyewe ni la kweli, lakini linatamkwa mno na watu ambao hawajawahi kumtazama kwa makini mtu aliyeanza na alichonacho akafika. Likisemwa juujuu linageuka njia ya adabu ya kumwambia kijana asituombe kitu. Mimi nataka kulichukua kwa uzito wake nione limebeba nini, na sioni pa kuanzia pazuri kuliko kwenye ubao wa dari.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa Mwingereza mmoja. Ilipofika 1968 hivi akaanza kuchora. Hakusomea sanaa mahali popote. Alichora kwenye hadibodi, ule ubao mwembamba ambao mafundi huupigia dari, kwa rangi ya mafuta ya kung'aa ambayo watu walikuwa wakipakia baiskeli.

Habari hii Watanzania wengi wanaijua, na wengi huishia hapo hapo, kwenye mshangao kwamba masikini alichora kwa rangi ya baiskeli. Lakini tukae na ubao wenyewe kidogo. Hadibodi huuzwa kwa shiti la futi nne kwa nane. Ukilikata vipande vya futi mbili kwa mbili unapata vipande vinane, na hakibaki hata kijisehemu cha kutupa. Sasa nenda kaipime michoro ya Tingatinga: mingi ni mraba wa sentimita 60 hivi, yaani zile zile futi mbili. Mraba ule husifiwa kama alama ya mtindo wake, na ni kweli umekuwa alama. Mimi nauona kwanza kama hesabu ya mtu aliyenunua shiti moja kwa fedha ya kibarua na hakutaka lipotee hata inchi.

Mraba ukishaingia kwenye kazi, unaanza kuamuru. Chui ana mwili mrefu. Twiga ana shingo isiyotosha popote. Ukitaka kumweka mnyama mrefu kwenye mraba huna budi kumkunja: mkia unapanda juu ya mgongo, shingo inazunguka, kichwa kinageuka kumtazama anayetazama. Mtu akiwaona wanyama hawa waliopinda, wenye macho makubwa, waliojaza ubao kona hadi kona, anasema hii ni Tingatinga hata kabla hajasogea karibu. Kule kupinda kumeletwa na ubao.

Na rangi nayo ina amri zake. Rangi ya baiskeli ni nzito na haikauki haraka. Ukiigusa mbichi inavurugika. Inakutaka upake tabaka moja, uliache likauke, ndipo urudi na jingine juu yake. Kwa hiyo unaweka kwanza rangi ya nyuma, tupu, bila milima wala mawingu. Siku ya pili unamleta mnyama. Siku ya tatu unaleta nukta, moja baada ya nyingine, kwa ncha ya brashi. Nukta haitaki kuchanganya rangi. Inataka mkono usiotetemeka na mtu mwenye subira. Na kwa kuwa ubao mmoja unakaa ukikauka, ni rahisi kuwa na mbao tano au sita zinazoendelea pamoja, na hapo unahitaji wenzako. Jamaa na marafiki wakaja kukaa naye na kujifunza: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata. Watu huuita undugu ule shule. Ulianza kama kibaraza chenye mbao zinazosubiri kukauka.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kwamba Tingatinga alifaulu licha ya vifaa duni. Angepewa turubai ya Paris na rangi za mirija, angechora kitu kingine kabisa, pengine kizuri, pengine cha kawaida. Mtindo huu tunaojivunia ulitoka ndani ya vifaa vile vile, kwa sababu alivichunguza mpaka akajua vinakubali nini na vinakataa nini. Na wanyama wale nao hawakutoka kwenye kalenda. Alitoka Tunduru, nchi ambako simba na tembo ni habari ya shambani: ni mahindi yaliyokanyagwa, ni mtu aliyechelewa kurudi. Aliweka ubaoni wanyama wanaojulikana kwa hofu na kwa hadithi, akawauza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni ambao wangewaona kwa darubini tu.

Alichora kwa takriban miaka minne. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani gari alilokuwamo lilikuwa la wahalifu. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi.

Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika kilichosajiliwa, pale pale jirani na Morogoro Stores. Lakini nasema hili kwa uchungu kwa kuwa nawapenda wachoraji hawa: sehemu kubwa ya kinachouzwa leo kwa jina la Tingatinga kimebeba vifaa vyake na kuacha maisha yake. Tembo, twiga, mlima Kilimanjaro, jua linazama, na tena tembo. Kijana aliyekulia Msasani au Mbagala anachora simba ambaye hana habari naye, kwa sababu mtalii anamtaka. Pale wachoraji waliporudi kwenye wanachokijua, ubao ulifufuka. Mohamed Charinda aliingiza ngano na mashetani ya kusini. Maurus Malikita aliujaza ubao watu: foleni, soko, wodi iliyofurika, kila mmoja na shida yake. Rangi ni ile ile, nukta ni zile zile. Tofauti ni kwamba mkono umerudi kushika kitu ambacho mwenye mkono amekiishi.

Nikiwaza vifaa na amri zake namkumbuka bibi yangu mzaa mama, Pangani, ambaye alikuwa akisuka mikeka. Ukindu ulianikwa ukawa mweupe, ukachemshwa na rangi kwenye sufuria lililokwisha kustaafu jikoni, ukachanwa chane nyembamba, ukasukwa ukili mrefu uliozungushwa kama kamba, kisha ukili ukashonwa ukawa mkeka. Mwaka mmoja alipewa kazi ya mkeka wa harusi, na katikati ya kazi zambarau ikaisha. Duka halikuwa nayo na gari la Tanga lilikuwa halipiti kwa sababu ya mvua. Nilikuwa mtoto, nikategemea kuona hasira. Bibi akakaa chini, akazimwaga chane zote za zambarau zilizobaki juu ya kanga, akaanza kuzihesabu. Alizihesabu mara mbili. Akapima ukili kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, midomo ikicheza. Kisha akaanza upya, safari hii zambarau ikiingia kwenye kila ukili wa tatu tu, uzi mmoja katikati, na kingo zote mbili zikabaki nyeupe.

Yeye mwenyewe hakuupenda. Mpaka mwisho aliuona ni mkeka wenye upungufu, na alimwomba radhi mwenye harusi. Shangazi yangu ndiye aliyeung'ang'ania kuutazama, akasema macho yanapumzika juu yake. Mimi nilichobaki nacho ni ile picha ya mwanamke anahesabu. Wakati zambarau ilikuwa nyingi sikuwahi kumwona akihesabu chane.

Lugha yetu imezitenga hali mbili ambazo kwenye semina tunazichanganya. Kuna usemi kwamba ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Huo ni usemi wa njaa, hauulizi ladha. Na kuna usemi mwingine: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako. Unajua umetoboka wapi, unajua ukiukunja upande gani hautachanika. Tumezoea kuusikia usemi huu kama nasaha ya kuridhika, na mimi nadhani ndani yake kuna zaidi ya hapo, kuna ujuzi. Kazi ya sanaa inayotokana na ulichonacho ni ya mtu wa mbachao. Mtu wa titi la mbwa anahitaji chakula, na tukimpigia makofi badala ya kumpa chakula tunamdhulumu.

Kanga ni ushahidi mwingine, na tunaivaa kila siku bila kuisoma. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walivaa marekani, kitambaa kizito kisichopaushwa kilicholetwa na meli za kutoka Salem, Massachusetts, na walivaa kaniki ya rangi ya kiza. Madukani kulikuwa pia na leso za mkononi zenye maua, neno lenyewe tumelipokea kwa Wareno. Leso ziliuzwa zikiwa zimeungana kwenye jora, mwenye duka anakata moja moja. Inasimuliwa kwamba wanawake wakaanza kununua sita kwa pamoja, wakazikata tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu. Likapatikana vazi ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa kimelifikiria.

Angalia walichokifanya. Waliona nguo ndani ya kitu kilichouzwa kama cha kufutia jasho. Na baada ya wao kushona, wafanyabiashara ndio waliofuata, wakaagiza kitambaa kichapwe kizima, pindo likizunguka nje na mji ukikaa katikati. Baadaye likaja jina, maandishi ya chini, mwanzoni kwa hati za Kiarabu. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, tunayemjua kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na "Mali ya Abdulla" ingali inasomeka kwenye kanga. Jina la duka tunalo. La mwanamke aliyeshika sindano akaziunga leso sita hatunalo, na kila ninapofungua doti mpya hilo linaniuma. Watu wa Mombasa angalau wamehifadhi kitu: mpaka leo wengi wao wanaiita leso.

Kuna wakati kinachokuongoza ni kosa. Wachongaji wa Kimakonde husimulia kwamba katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa alikuwa na kinyago cha binadamu kikavunjika mkono. Gogo la mpingo halitupwi ovyo. Akakichonga upya kwa jinsi kilivyovunjika, kikawa shetani, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, akakinunua na kutaka vingine. Mpingo wenyewe unafundisha tabia hiyo, maana mara nyingi huja umepinda, una tundu, una ganda jeupe nje na moyo mweusi ndani, na mchongaji analizungusha gogo mikononi muda mrefu kabla ya kugusa tezo. George Lilanga, aliyewahi kuwa mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, aliwachukua mashetani hao hao akawahamishia kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye chuma, kwenye batiki, na kila walipohama walibadilika umbo.

Mpaka hapa nimesema mbao, chane na magogo. Binti wa Tanga hakuwa analia kwa ajili ya vifaa; kalamu na daftari alikuwa navyo. Alidhani maisha yake ndiyo vifaa duni. Na hapa mfano wangu ni Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, mama yake akiwa mfinyanzi. Alitembeza vyungu kwa miguu akinadi, na sauti iliyozoea kufika nyumba ya tatu ndiyo hiyo aliyoingia nayo mjini mwanzoni mwa karne ya 20. Taarab wakati ule ilikuwa ya jumba la Sultani na ya Kiarabu. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 wakasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Alitukanwa waziwazi, kwa asili yake ya shamba na kwa sura yake. Matusi hayo aliyajibu kwa wimbo. Hebu fikiria: mtu anakudhalilisha mtaani, na wewe unakwenda nyumbani kuyapanga maneno yake kwenye vina.

Wimbo wake unaonisumbua zaidi ni ule wa Kijiti. Unahusu kisa cha kweli: mwanamke mgeni kutoka Bara aliuawa Unguja, muuaji, huyo Kijiti, akatoroka, na wanawake waliokuwa na marehemu ndio walioishia kuadhibiwa. Kisa kile kila mtu mjini alikuwa nacho. Kilikuwa kwenye vibaraza, visimani, sokoni. Kwa maana hiyo Siti hakuwa na malighafi ambayo jirani yake hakuwa nayo. Alichoongeza ni uamuzi wa kwamba jambo lililowapata wanawake wasio na cheo linastahili mizani na ala. Alikipa kisa cha mtaani sura ambayo taarab ilikuwa ikiwapa wafalme, na wanawake waliomsikiliza walijua kwamba wametajwa.

Nawaona wenye singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Dar es Salaam, hawa wa Manzese, Tandale na Mburahati, kama wajukuu wa tabia hiyo. Walikuwa na kompyuta chakavu na vipande vya kinanda cha taarab walivyovikuta kwenye nyimbo za zamani. Hawakuwa na bendi ya kuikodi. Wakavichukua vile vipande, wakavikimbiza mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi, na juu yake kijana anaghani habari za mtaa kwa pumzi moja. Watu wazima wengi wa rika langu wanaona ni kelele. Nimesimama kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani, mpaka usiku wa manane, nikasikia kodi ya nyumba, mkopo wa mama mkwe na bodaboda iliyokamatwa vikipita mbio mbele yangu, na nikatambua kwamba mwendo ule ndio mwendo wa siku zao.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja iliniomba niendeshe siku ya sanaa ya watoto kwa kutumia chupa na makopo. Niliomba gundi, mikasi na rangi kidogo. Nikajibiwa kwamba lengo la siku hiyo ni kuonyesha kwamba ubunifu hauhitaji bajeti. Ukumbi ulikuwa umelipiwa, chai ilikuwa imelipiwa, mabango yalikuwa yamechapwa. Watoto 40 walishinda wakisukumana kwenye mikasi mitatu, mmoja akajikata kidole, na picha zilizopigwa zilitoka nzuri. Nilinyamaza siku ile, na najuta.

Kwa sababu ukiangalia kazi kubwa zilizotokana na taka, utakuta ndani yake kitu ambacho si taka hata kidogo. Mwaka 2018 lilishushwa majini Lamu dau la Flipflopi, urefu wa mita 9 hivi, limeundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na ubavuni limevishwa kandambili 30,000. Mwaka uliofuata likasafiri kilomita 500 hivi mpaka Zanzibar. Dunia ililiandika kama dau la takataka. Ndivyo lilivyo, lakini plastiki ya ufukweni haina habari ya kuelea ikiwa na umbo la dau. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda, mtu aliyerithi ufundi wa vyombo vya Lamu, na watu wake iliwabidi waiyeyushe plastiki, waimimine iwe mataruma na mbao, kisha waichonge kama wanavyochonga mti, huku wakijifunza kwamba haikai kama mti. Kulikuwa na karne za ujuzi ndani ya chombo kile. Kulikuwa pia na tanuri, umeme, malipo ya mafundi, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira likishirikiana nao kwenye safari. Kandambili ziliokotwa bure. Vingine vyote viligharimu fedha na muda wa watu.

Kwa hiyo namwambia kijana na mfadhili maneno mawili tofauti, na sitaki yabadilishane nafasi. Kijana aanze leo, na alicho nacho akihesabu kama bibi alivyohesabu zambarau, mpaka ajue kinafika wapi. Mfadhili, mwalimu, afisa utamaduni, yeye alete mikasi. Tingatinga aliacha mtindo unaolisha familia hadi leo, na aliufanya kwa miaka minne tu. Huwa najiuliza miaka mingine kumi ingetoa nini, na mtu akiniambia uhaba ndio uliomfanya awe msanii namwomba anieleze ni uhaba gani uliowahi kumwongezea mtu siku.

Simu iliyo mfukoni mwa binti wa Tanga inapiga picha na kurekodi sauti, na hilo nalo nililiwaza alipokuwa amekaa mbele yangu. Lakini sikumwambia habari za simu. Nilimuuliza: unajuaje kitumbua kimefika kugeuzwa?

Akacheka, kwa kuwa swali lilikuwa jepesi. Akasema kingo zinakuwa kahawia. Nikasema hilo hata mimi najua. Akafikiri. Akasema juu panakuwa na vitundu, vile vitundu vikikauka kinakuwa tayari. Kisha akasema, hapana, mama hatazami. Saa ile ni giza, taa ni moja, na mama anakuwa amekipa mgongo chuma cha vitumbua kwa sababu anapima unga wa mkupuo unaofuata. Anasikiliza. Mafuta yanaimba unga ukiingia, halafu sauti inashuka, na kabla ya kuungua panapita kimya kifupi sana. Mama anageuka kwenye kile kimya. Ananyoosha mkono na kijiti anaanzia pembeni, anakwenda kwa mstari, na hakosei.

"Hajawahi kuunguza?" nikauliza.

"Mara moja. Siku baba alipoondoka. Chuma kizima, mara mbili mfululizo. Mimi nilisikia kile kimya nikamwangalia, yeye hakugeuka."

Hakuwa amewahi kumsimulia mtu hilo, nilimwona usoni. Nje wenzake walikuwa wanamwita, gari la Muheza linajaza. Nikamuuliza walifanyaje siku ile, kama walirudi kulala.

"Tulikwenda stendi hivyo hivyo," akasema akivuta begi lake. "Mama alikuwa anakikwangua kimoja kimoja kwa kisu, ndipo anampa mteja."